Siku saba nyuma ya Girlschool, kutoka Wandsworth mpaka Berlin

Siku ya 1, Jumamosi. Wandsworth

Tumefika London jana usiku tukiwa hoi, leo tumeamka alfajiri kwa sababu dada hawezi kulala kwenye kitanda kigeni, nikamwambia basi tusikae tunaangaliana humu ndani, twende.

Ngoja niwaeleze kwanza tumefuata nini huku. Mimi napiga gitaa la rithim kwenye bendi ya wanawake wanne, roki nzito, tuko pamoja mwaka wa tisa huu, na mwezi uliopita mpiga solo wetu katuambia anaacha. Hatujagombana, maisha yamempeleka kwingine na namtakia heri kabisa, ila tangu siku ile hatujashika vyombo. Mpiga besi anasema tuvunje tu yaishe. Na wanaotupenda nao ndo wanamalizia, kila mtu anauliza bila yule dada wa solo nyie ni nani sasa. Hela ya safari tulishaiweka zamani kwa hiyo mimi na mpiga dramu (ndo huyo ninayemwita dada, kanizidi miaka sita) tukasema twende tukapite walikopita Girlschool, wale wanawake wa roki nzito wa Uingereza, maana kama kuna bendi ya wanawake iliyokimbiwa na watu, ikafiwa, ikatupwa na lebo na bado ikapanda jukwaani ni hiyo.

Wandsworth iko kusini magharibi mwa London, ukishavuka Thames. Nyumba za matofali zilizoshikana, mabasi mekundu, watu na shughuli zao za Jumamosi. Hapa ndo walikokulia Kim McAuliffe na Enid Williams, marafiki tangu shule, Kim gitaa, Enid besi, wote wanaimba. Mwaka 1975 wakaanzisha bendi inaitwa Painted Lady wakawa wanapiga kopi za watu kwenye baa. Na tangu siku hizo hizo za Painted Lady watu walikuwa wanaingia na kutoka, hili nilikuwa najua juu juu ila leo nimelikalia kitako nikaliwaza. Alipita Deirdre Cartwright, ambaye baadaye amekuwa mpiga gitaa wa jazi anayeheshimika na akaonekana BBC akifundisha watu vyombo kwenye kipindi cha Rockschool. Alipita Kathy Valentine, binti kutoka Texas, akarudi zake Marekani na huko akaja kuwa mpiga besi wa bendi ya wanawake ya The Go-Go's. Yaani hata kabla bendi haijapata jina lake tayari ilishawapa dunia watu wawili wakubwa, na wenyewe wakabaki wanatafuta mpiga gitaa!

Aprili 1978 ndo wakaja wawili walioziba pengo. Kelly Johnson kwenye solo, msichana mrefu wa Edmonton kule kaskazini mwa London, hajafika hata miaka ishirini. Na Denise Dufort kwenye dramu, kaka yake Dave naye ni mpiga dramu. Jina jipya wakalitoa kwenye wimbo wa Wings, bendi ya Paul McCartney, uliokuwa upande wa pili wa ile singo ya Mull of Kintyre iliyouza kupita kiasi Uingereza mwaka wa 1977, wimbo unaitwa Girls School, wao wakaunganisha maneno ikawa Girlschool.

Tumetembea mpaka miguu ikauma. Dada kaniuliza, hivi walikuwa wanabebaje dramu? Kwa sababu ndo swali lake la kwanza siku zote, yeye anajua uzito wa dramu, anajua kupandisha ngazi na ile dramu kubwa ya mguu kifuani saa nane usiku halafu asubuhi uende kazini. Kitu kingine nikasahau kusema, mtaa huu huu wa Wandsworth ndo umewatoa Rock Goddess, ndugu wawili Jody na Julie Turner, walianza wakiwa watoto wa shule kabisa, na mpiga besi wao Tracey Lamb mtamsikia tena mbele huko. Bendi mbili za wanawake za roki nzito sehemu moja ya mji. Ukiona mwenzio kaweza na wewe unashika.

Siku ya 2, Jumapili. Soho

Leo ni kutafuta sahani za santuri. Tumepita Wardour Street namba 90 pale ilipokuwa klabu ya muziki ya Marquee, siku hizi si klabu tena, tumesimama kidogo tukaendelea.

Singo yao ya kwanza, Take It All Away, ilitoka mwishoni mwa 1978 kwenye lebo ndogo sana inaitwa City Records. Kalebo tu. Lakini ikamfikia Lemmy, mwimbaji na mpiga besi wa Motörhead, na Lemmy alivyosikia akawataka wafungue shoo kwenye ziara yao ya albamu ya Overkill, 1979. Hebu fikiria hapo. Mashabiki wa Motörhead wamekuja kusikiliza bendi yenye kelele kuliko zote nchini halafu kabla yake wanapanda wasichana wanne ambao hawana hata albamu. Ndo ulikuwa mwanzo wa lile wimbi jipya la hevi metali ya Uingereza, akina Iron Maiden, Saxon, Def Leppard, na kwenye wimbi lote lile wanawake walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa wanapiga. Ukisikiliza rekodi zao za mwanzo hakuna sehemu wanaomba uwaonee huruma, wanaingia, wanapiga, wanatoka. Baada ya ziara ile lebo ya Bronze ikawasaini, lebo ile ile ya Motörhead na Uriah Heep.

Sasa njooni kwenye nilichokipata leo. Kwenye duka moja la santuri kuukuu, chini kabisa kwenye boksi, nimekuta ile EP (sahani fupi ya nyimbo chache) ya inchi 10, St. Valentine's Day Massacre, pauni 12. Jalada limekatika pembe moja, kuna mtu kaandika herufi mbili kwa peni ya bluu nyuma, wino umefifia. Nimeitoa nikaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, mikwaruzo ipo ila ya juu juu, na ukitazama ile mistari unaona kabisa sehemu ambayo watu waliirudia sana, kwenye wimbo wa kwanza imekuwa ya kijivu. Mtu aliupenda huu wimbo jamani. Nimelipa bila kuuliza punguzo.

Hiyo EP ni Motörhead na Girlschool kwa pamoja, wakajiita Headgirl, ilitoka Februari 1981 na ikafika namba 5 kwenye chati ya Uingereza. Wimbo mkubwa ni Please Don't Touch, wa zamani wa Johnny Kidd, Lemmy na Kelly wanaimba wote. Halafu kwenye nyimbo mbili zilizobaki wakabadilishana, Girlschool wanapiga Bomber ya Motörhead, Motörhead wanapiga Emergency ya Girlschool. Na mpiga dramu ni nani? Phil Taylor wa Motörhead alikuwa kaumia shingo, hawezi kukaa kwenye kiti. Kwa hiyo aliyepiga ni Denise. Dada hapo dukani kaisoma hiyo mara mbili akaishikilia EP kifuani, kaniambia watu wote wakizungumzia rekodi hii wanazungumzia Lemmy na Kelly, na aliyewabeba wote wawili mgongoni hatajwi. Sikuwa na cha kuongeza.

Siku ya 3, Jumatatu. Rickmansworth na Maple Cross

Treni ya Metropolitan kutoka Baker Street, dakika kama arobaini hivi, mji unapungua pungua mpaka unaanza kuona miti. Rickmansworth iko Hertfordshire, mji mdogo mtulivu, una mfereji wa zamani wa Grand Union unapita na maboti marefu membamba yamefungwa pembeni. Huwezi kuamini kwamba baadhi ya kelele bora za mwaka 1980 na 1981 zilitengenezwa huku. Studio iliitwa Jackson's na prodyuza ni Vic Maile, Motörhead walirekodi hapo Ace of Spades, na Girlschool wakarekodi hapo albamu mbili za mwanzo, Demolition ya 1980 na Hit and Run ya 1981. Demolition iliingia thelathini bora. Hit and Run ikafika namba 5. Namba tano ya nchi nzima kwa bendi ya wanawake wanaopiga vyombo vyao wenyewe na kuandika nyimbo zao wenyewe, miaka mitatu tu tangu Kelly na Denise wajiunge.

Tumekaa kwenye benchi kando ya mfereji, sikio moja langu sikio moja la dada, tukasikiliza Demolition nzima halafu Hit and Run nzima. Na hapa ndo nataka niseme kitu ambacho kimenifanya niandike hizi siku.

Nimemsikiliza Kelly miaka mingi. Kila mtu akija kwa Girlschool anakuja kwa Kelly, na ana haki, ana ule mguso wa kuvuta waya mpaka noti inakaribia kulia halafu anaiacha hapo hapo, hakimbii kuonyesha vidole. Lakini leo nikamwambia dada tusimsikilize Kelly, tumsikilize Kim. Tukaweka Race with the Devil. Ule si wimbo wao, ni wa bendi ya The Gun, ila wao wameushika wameufanya wao. Kelly akiondoka kwenda kwenye solo, angalia nyuma yake, gitaa la Kim haliondoki. Mkono wa kulia unashuka tu, unashuka, unashuka, kiganja kimelala kwenye waya karibu na daraja la gitaa ili sauti iwe nene na fupi, na Denise yuko pale pale na yeye, hawapishani hata unywele. Ukiwaondoa hao wawili ile solo ina kipi cha kusimamia? Inaanguka. Na ukimwondoa Kelly, kinachobaki ni wimbo ambao una tundu, ila ni wimbo. Unatembea.

Nimepiga rithim miaka yote hii na sijawahi kujiambia hilo kwa sauti. Dada alikuwa anagonga magotini kwa viganja, macho kafumba, kuna mzee alikuwa anatembeza mbwa akasimama akasikiliza mpaka wimbo ukaisha akaendelea na safari yake.

Mchana tukapanda basi kwenda Maple Cross, kijiji cha jirani tu karibu na barabara kuu ya M25. Kisa ni albamu yao ya 1986, Nightmare at Maple Cross, waliyorudi kurekodi na Vic Maile baada ya kuhangaika kwingine. Kijijini hatukufanya chochote. Tulitaka tu tuone jina kwenye kibao cha barabarani, tumeliona, tukarudi.

Siku ya 4, Jumanne. Reading

Kutoka Paddington ni nusu saa tu. Ukishuka unatembea kama dakika ishirini na tano kuelekea mtoni, upande wa Richfield Avenue, unakuta mashamba mapana kando ya Thames, ndipo tamasha la Reading linapofanyika kila Agosti. Leo ni nyasi tu na kunguru. Upepo ulikuwa mkali tukafunga zipu mpaka kidevuni.

Ijumaa ya tamasha la mwaka 1981, waliofunga jukwaa walikuwa Girlschool. Si waliofungua. Waliofunga, jina lao la kwanza kwenye bango la siku ile. Jumamosi ilikuwa ya Gillan, Jumapili ya The Kinks. Nimesimama katikati ya hilo shamba nikajaribu kujenga picha kichwani, giza limeingia, maelfu ya watu wamesimama kwenye tope au vumbi, halafu Denise anahesabu nne kwa fimbo. Dada kasema angetapika kwa woga kwanza ndo apande. Mimi nadhani wala, angepanda tu, namjua.

Ila hapo juu kabisa ndo mambo yalipoanza kugeuka, na ndo maana nimetaka siku hii tuongee kwa kirefu zaidi hapo hotelini. Miezi michache baadaye mwaka huo huo walikuwa kwenye ziara ya Ulaya na bendi ya Rainbow, wakiwa Copenhagen Kim akapigwa shoti ya umeme na maikrofoni jukwaani, nusura afe. Ziara ikakatizwa. Waliowahi kushika gitaa la umeme lililounganishwa vibaya halafu mdomo ukagusa maiki wanajua ninachosema, mimi ilishanipata kidogo tu, cheche ya mdomoni, na kwa wiki nzima nilikuwa naimba shingo nimeirudisha nyuma. Sasa huyu ilimwangusha kabisa. Halafu akarudi kushika lile lile gitaa na kusimama mbele ya maiki.

Mwanzoni mwa 1982 Enid akaondoka. Rafiki wa shule, aliyeanza naye tangu Painted Lady! Hapo watu wangesema imekwisha. Akaja Gil Weston kwenye besi, wakatoa Screaming Blue Murder mwaka huo huo, ikaingia thelathini bora tena.

Nilivyomwambia dada kwamba hapo Kim angeweza kuvunja bendi na hakuna ambaye angemlaumu, kanyamaza muda mrefu akasema, labda alikuwa hajui kufanya kitu kingine. Nikamwambia hapana dada, si hivyo, alikuwa anataka kufanya hicho.

Siku ya 5, Jumatano. Mvua

Mvua tangu asubuhi, hatujatoka. Tumekaa chumbani na miaka ile mibaya.

Play Dirty, 1983. Prodyuza ni Noddy Holder na Jim Lea wa bendi ya Slade. Kinanda kimejaa, sauti imesuguliwa ing'ae ili iende Marekani. Sitaisema vibaya, kuna nyimbo nzuri mle, lakini mkono wa Kim umefunikwa na mimi siwezi kusamehe hilo kirahisi. Uingereza iliishia namba 66. Mwaka 1984 Kelly akaondoka, akahamia Los Angeles.

Hapo ndo nikamsimamisha dada, nikamwambia sikiliza hapa, hapa ndo tulipo sisi sasa hivi. Mpiga solo kaondoka, na ndiye aliyekuwa uso wa bendi, anaimba, magazeti yanamtaka yeye. Wao walifanyaje? Walichukua watu wawili badala ya mmoja, Cris Bonacci kutoka Australia kwenye gitaa, na Jackie Bodimead kuimba na kupiga kinanda. Wakatoa Running Wild 1985, ikatoka Marekani tu, Uingereza haikutoka kabisa. Haikufanya vizuri. Bodimead akaondoka. Basi Kim akarudi kushika uimbaji, Cris akabaki, wakarudi kwa Vic Maile na kutoa ile ya Maple Cross, na kelele zikarudi. 1987 Gil naye akaondoka akaja Tracey Lamb, yule yule wa Rock Goddess wa Wandsworth niliyewaambia. 1988 wakatoa Take a Bite.

Nimewaandikia haraka haraka lakini hesabuni wenyewe, tangu Enid aondoke mpaka hapo ni miaka sita, wameingia na kutoka watu kama mlango wa duka, na kila albamu nikiisikiliza kuanzia mwanzo, sekunde kumi tu, najua ni wao. Kwa sababu ya kitu gani? Ule mkono wa kulia na ile dramu.

Jioni dada kanunua fimbo mpya za dramu kwenye duka la vyombo la karibu. Hakusema za nini, nami sikumuuliza.

Siku ya 6, Alhamisi. Treni

London mpaka Berlin kwa treni ni siku nzima. St Pancras, chini ya bahari, Brussels unabadili, Cologne unabadili tena, halafu ile ndefu ya mwisho. Watu waliniambia pandeni ndege, nikasema hapana, bendi zilikuwa zinaenda huku barabarani ndani ya basi, angalau tuone ardhi.

Sehemu kubwa ya leo nimekuwa nawaza kuhusu Kelly. Alirudi, wengi hawajui. 1993 alitoka Marekani akarudi kwenye bendi yake, akapiga nao tena miaka kadhaa, na Tracey kwenye besi. Halafu akaumwa, kansa ya uti wa mgongo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa ameshaacha kupanda jukwaani, ila urafiki na wenzake haukukatika. Aliyechukua gitaa ni Jackie Chambers kutoka Leeds, na kipindi hicho hicho Enid naye akarudi kwenye besi, baada ya miaka kama kumi na nane. Kelly alifariki tarehe 15 Julai 2007. Alikuwa na miaka 49.

Mwaka uliofuata bendi ilikuwa inatimiza miaka thelathini na wakatoa albamu, Legacy. Wakaja watu kuwasaidia, Lemmy, Ronnie James Dio, Tony Iommi wa Black Sabbath. Nimeisikiliza kuanzia Cologne mpaka giza likaingia dirishani. Sijui niseme vipi, ni albamu ya watu wenye msiba ambao wamekataa kupunguza spidi. Hakuna polepole za kulilia. Na Jackie Chambers hajajaribu kuwa Kelly hata kidogo, noti zake ni kali zaidi na anaziachia mapema, ana njia yake. Kim na Denise wamempa sakafu ile ile waliyompa Kelly na wamemwacha acheze ngoma yake mwenyewe.

Nimemwamsha dada nikamwambia sisi tulikuwa tunakosea. Kwa mwezi mzima tumekaa tunajiuliza tutampata wapi mtu kama yule. Kumbe hatumtafuti kama yule. Kaniangalia na usingizi, akasema mimi hilo nilikuwa najua tangu kwenye benchi, nilikuwa nakusubiri wewe.

Siku ya 7, Ijumaa. Berlin

Baridi. Max-Schmeling-Halle iko Prenzlauer Berg, ukishuka kwenye treni ya chini unatembea kidogo unafika Mauerpark, ukumbi uko pembeni yake. Ni ukumbi wa michezo, timu ya handiboli ya Berlin inachezea hapo. Tumekuta vijana na mabegi ya mazoezi wanaingia mlango wa pembeni.

Tumekuja hapa kwa sababu ya tarehe 11 Desemba 2015. Motörhead walikuwa kwenye ziara yao ya miaka arobaini na walichukua bendi mbili za kutembea nazo, Saxon na Girlschool. Usiku ule hapa Berlin ndo ulikuwa wa mwisho wa ziara mwaka huo. Phil Taylor, yule ambaye Denise alimshikia fimbo mwaka 1981, alikuwa amefariki mwezi mmoja tu kabla. Lemmy alikuwa amekonda, kila mtu anaona. Tarehe 24 alitimiza miaka 70, tarehe 28 akafariki. Kwa hiyo ile shoo ya hapa ndo ikawa ya mwisho ya Motörhead, na waliokuwa kwenye bango lile ni wale wale aliowapandisha jukwaani 1979 wakiwa na singo moja ya lebo ndogo. Miaka thelathini na sita katikati.

Tumesimama kwenye reli ya chuma nje ya ukumbi, hatuna la kufanya, hatuna wa kumuuliza kitu. Nikawa nawaza kwamba mwaka ule ule wa 2015 walitoa albamu, Guilty as Sin, na 2023 wakatoa nyingine ya kutimiza miaka arobaini na mitano, na kwenye hiyo Enid ameshaondoka tena na Tracey Lamb amesharudi tena. Kim yupo humo. Denise yupo humo.

Dada akatoa zile fimbo kwenye koti. Akaanza kugonga reli, taratibu kwanza, Emergency, nikaijua kwenye mapigo machache tu ya kwanza. Mimi sina gitaa nikaweka ile rithim kwa mdomo na mkono wa kulia kwenye paja. Vijana wawili wenye mabegi wakasimama. Nikawasha simu nikarekodi, dakika moja na nusu hivi, mwishoni mikono ya dada ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi fimbo moja ikaanguka.

Nimeituma kwa mpiga besi bila kuandika kitu. Alama za bluu zikaja palepale, halafu kimya. Tumeshafika kwenye mgahawa, tumeshaagiza kahawa, ndo akajibu.

"Dada kakimbiza kwenye korasi. Na hapo kwenye kuvuka mnanihitaji mimi, msikilize tena. Mnarudi lini?"